Bustani na nyasi za nyumbani hapa Dar: chimba kwanza, dawa baadae

Nyasi zikianza kuwa njano au mchicha ukidumaa, wengi wetu tunakimbilia duka la pembejeo tunasema "naomba dawa ya bustani", na muuzaji hajaona kitu chochote anakupa dawa ya wadudu maana ndo inayotoka sana. Unapuliza, wiki mbili zinapita hali ni ileile, unarudi unapewa ya ukungu. Kazi yangu ni bustani za watu, kuanzia Tegeta mpaka Kigamboni, na naomba sana mnielewe kwenye hili moja: shida nyingi za bustani zetu za mjini zinatoka chini, kwenye udongo na maji, wadudu wanakuja baadae wakikuta mmea umeshachoka. Kwahiyo kabla hujatoa hela ya dawa chukua chepe.

Chimba shimo dogo pembeni ya sehemu mbovu, kina cha sentimita 30 mpaka 40, na ukuta mmoja wa shimo ukate wima kabisa ili uone matabaka. Uliza kwanza mabomba, waya na chemba vimepita wapi. Kwenye nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni utakuta hivi: juu kuna udongo mweusi wa vidole viwili vitatu, ule ulioletwa na gari siku ya kupanda nyasi, chini yake kifusi chekundu kilichoshindiliwa wakati wa ujenzi, na ndani ya kifusi vipande vya tofali, kokoto, karatasi za mifuko ya simenti, zege lililomwagwa na mafundi wakati wanaosha vyombo. Sasa angalia mizizi. Inashuka vizuri mpaka pale rangi ya udongo inapobadilika, alafu inakunja inaenda pembeni kama imegonga ukuta. Nyasi hiyo inaishi kwenye vidole vitatu tu vya udongo, jua la Januari likiwaka mchana imeshakauka hata kama asubuhi ulimwagilia mpaka maji yakasimama. Hakuna dawa ya dukani inayotibu hilo.

Dawa yake ni sululu. Kipande kilichokufa unakivunja kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, unaokota zege na tofali zote unatoa nje, unachanganya samadi iliyooza vizuri, kama debe moja kwa kila mita ya mraba, unasawazisha, unamwagilia udongo ulale siku chache ndo unapanda tena. Usifanye uwanja mzima kwa mpigo, fanya kipande hiki mwezi huu na kingine mwezi ujao, mvua ikiwa karibu. Na mabaki ya simenti msiyadharau, simenti ina chokaa, inafanya udongo ukose uchachu unaotakiwa na mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma. Ndo maana unakuta mlimao umepandwa karibu na ukuta, majani machanga ya juu yamekuwa njano ila mishipa imebaki kijani, mtu anaongeza urea weee na hakuna kinachobadilika. Kumbuka hii tofauti, itakusaidia: njano ikianzia majani ya chini yaliyozeeka mara nyingi ni njaa ya nitrojeni, hapo mbolea inasaidia; ikianzia majani machanga ya juu huku mishipa ni kijani ni chuma, na shida iko kwenye udongo.

Kama eneo lote ni kifusi na huna nguvu ya kuvunja, kwa mboga jenga matuta ya kuinua kwa tofali, kimo cha sentimita 30, ujaze udongo na samadi, inatosha kabisa mchicha, matembele, bamia na pilipili.

Wa Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, Bunju, nyie shimo lenu litakuwa mchanga mpaka chini. Mchanga haukatai mizizi, unashindwa kushika maji na mbolea, ukimwaga mbolea nyingi leo mvua moja imeisomba. Weka kidogo kidogo mara nyingi, ongeza samadi au mboji kila msimu, na funika udongo wa mboga na matandazo ya majani makavu ila yasiguse shina maana mchwa wanapenda hapo. Na kama shimo lako ni mfinyanzi, chukua udongo wenye unyevu uuviringishe mkononi, ukitoka kamba ndefu isiyokatika basi huo ni mfinyanzi mzito, jaza shimo maji yanywee alafu jaza tena, ukikuta kesho yake muda kama huohuo bado kuna maji basi tatizo lako ni maji kutuama. Hapo chimba mfereji wa kutoa maji, inua matuta, mpapai upande juu ya kichuguu maana mizizi yake ikikaa kwenye maji siku chache tu inaoza. Nawaomba mfereji usielekeze kwa jirani, masika mnagombana kwa vitu ambavyo mngekaa mkaongea mapema mkachimba mmoja wa pamoja mpaka mtaroni.

Sasa maji ya kisima, hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo kinachoua bustani nyingi kimyakimya. Sehemu nyingi za Dar visima vina maji ya chumvi, na mtu anamwagilia kila siku akidhani anasaidia. Dalili zake: ncha na kingo za majani zinaungua zinakuwa kahawia wakati katikati bado kijani, vyungu vinaota ukoko mweupe pembeni, udongo wa juu ukikauka unakuwa na unga mweupe, na ukifulia maji hayo sabuni haitoi povu la maana. Wengi wanaona ncha zimeungua wanasema jua, wanaongeza maji yaleyale, chumvi inaongezeka. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku maji yanapanda hewani na chumvi inabaki juu kwenye mizizi. Afadhali umwagilie mara chache ila kwa wingi, maji yashuke chini kabisa yaisukume chumvi, hii inafanya kazi vizuri kwenye mchanga, kwenye mfinyanzi usiotoa maji itazidisha balaa. Mwagilia udongo usiloweshe majani. Na mvua kubwa ikinyesha inakuoshea udongo bure.

Ndo maana nasema kila siku, wekeni tenki na mfereji wa paa. Hesabu yake rahisi: mvua ya milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, kwahiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 ni kama lita 3,000, ukitoa zinazopotea bado unabaki na nyingi. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la paa kwanza. Haya maji wape miche midogo na mboga zisizovumilia chumvi, maharage na karoti ndo za kwanza kufa, wakati spinachi na mchicha vinavumilia kiasi. Kwa nyasi, kama kisima chako ni cha chumvi usihangaike na chochote kingine, panda paspalamu au nyasi za Pemba, hizo chumvi inazikuta zimejiandaa.

Muda wa kumwagilia ni asubuhi mapema. Mchana yanapotea, jioni sana majani yanalala na maji na ukungu unapenda hivyo. Nyasi zilizokwisha shika zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki, kwenye mchanga ugawe mara mbili au tatu, na kujua umefikisha weka kopo tupu katikati ya uwanja uone maji yamepanda kiasi gani ukimwagilia kama unavyomwagilia siku zote, wengi mtashangaa yani hayafiki hata robo.

Kukata. Vijana wengi wakija na slasha au mashine wanakata mpaka chini kabisa ili wasirudi mapema, uwanja unabaki kipara, jua linapiga udongo, magugu yanaota. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka na paspalamu ziache sentimita 3 mpaka 5, nyasi za Pemba zina jani pana ziache sentimita 5 mpaka 7, na kiangazi pandisha kidogo zaidi. Masika inaweza kuwa kila wiki, kipupwe hata wiki tatu. Kisu cha mashine kikiwa butu kinachana badala ya kukata, uwanja mzima unageuka kahawia juu juu siku ya pili, ukiona hivyo angalia ncha ya jani moja kwa karibu, ikiwa imechanika nyuzinyuzi nenda kanoe kisu.

Chini ya mwembe au mkungu ukoka hautaota vizuri, ukoka unataka jua, acheni kuupanda kila mwaka. Jaribu nyasi za Pemba zinazovumilia kivuli, na kama kivuli ni kizito sana weka mimea ya kivulini au kokoto tu. Njano ya uwanja mzima iliyosambaa sawasawa, na umeshachimba ukaona udongo hauna shida, ni njaa: urea kilo 1 kwa eneo la mita 10 kwa 10, mwaga majani yakiwa makavu, alafu mwagilia hapohapo mpaka punje zote ziyeyuke la sivyo inaunguza. Mviringo uliokufa katikati na pembeni yake kuna pete ya kijani kibichi sana ni mkojo wa mbwa, mwagia maji mengi tu.

Ndago. Hii inastahili kichwa chake. Shika shina ulizungushe kwenye vidole, ukisikia lina pembe tatu basi ni ndago sio nyasi. Chini ina viazi vidogo vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi, ukivuta jani kwa hasira linakatika, kiazi kinabaki, na wiki ijayo zinatoka mbili. Ukipitisha jembe ndo umezigawa umezisambaza uwanja mzima. Kinachofanya kazi ni uvumilivu: subiri udongo ulowe baada ya mvua, ingiza kisu kirefu au kijiti cha chuma pembeni ya shina, inua taratibu kiazi kitoke na uzi wake, tupa kwenye mfuko wa taka sio kwenye mboji. Rudi kila wiki mbili hivi, usiziache zikafika majani matano sita maana hapo zinaanza kutengeneza viazi vipya. Ile ya kwanza iliyobaki chini kila ikitoa jani jipya inatumia akiba yake, ukiendelea kumnyima jani inachoka. Dawa ya kuua magugu yote inaua na nyasi zako, itumie pale tu ambapo unataka kuanza upya kipande kizima. Na mnaponunua udongo wa gari, kabla haujamwagwa panda juu ya gari ingiza mkono uchambue, ukiona vile viazi vyeusi mwambie dereva arudi nao, ndago nyingi mjini zimeingia majumbani kwa njia hiyo.

Mvua za kwanza zikianza, ukiona yangeyange wamejaa kwenye nyasi zako asubuhi na kuna mabaka yanapungua kila siku kama mtu amekuja kukata usiku, fikiria viwavijeshi. Mwaga ndoo ya maji ya sabuni kwenye mita moja ya baka, subiri dakika kumi, kama wapo watapanda juu utawaona. Wapo wachache waachie ndege. Wapo wengi, hapo ndo dawa ina maana, puliza jioni maana wanakula usiku.

Nyanya zinaleta maswali mengi kuliko mboga zote. La kwanza ni maua kudondoka: Januari na Februari usiku wa Dar joto linabaki kwenye nyuzi 25 hivi, nyanya haipendi usiku wa moto, maua yanadondoka bila ugonjwa wowote. Sia miche kuanzia mwisho wa Aprili na Mei ili maua yaangukie kipupwe, utaona tofauti. Tunda likioza kitako kwa doa jeusi lililobonyea sio ugonjwa wa kuambukiza, ni kalsiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi chanzo ni kumwagilia leo sana kesho hakuna, weka matandazo na umwagilie kwa mpangilio. Majani yakiwa na vijia vyeupe ndani kama karatasi na matunda yana vitobo ni kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake wanakula nyanya, aliingia nchini mwaka 2014 na amezoea dawa nyingi, kwa bustani ya nyumbani chuma majani na matunda yote yaliyoshambuliwa kila siku, funga kwenye mfuko wa nailoni uuache juani, usitupe pembeni ya bustani.

Alafu kuna ile ya mnyanya kunyauka ghafla ukiwa bado kijani, asubuhi unasimama kidogo mchana umelala, baada ya siku chache umekufa. Kata shina karibu na ardhi, chukua kipande cha kama kidole, kiegemeze kwenye glasi safi yenye maji safi kikiwa kimezama ncha tu, usikitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama moshi wa maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, usidanganywe. Ng'oa na mizizi yake uchome moto au utupe mbali, osha jembe, na hapo usipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, panda mahindi au mchicha. Ukitaka nyanya ziweke kwenye viroba vyenye udongo wa kutoka kwingine na chini weka tofali visiguse ardhi. Kama uzi haukutoka, ng'oa uangalie mizizi, ikiwa na vinundu vinundu ni minyoofundo, minyoo midogo sana ya udongoni, na bamia nayo inaipata sana kwahiyo usibadilishane nyanya na bamia sehemu hiyo.

Ukiona sisimizi wanapanda mlimao au mpapai kwa foleni, wafuate mpaka wanapoishia, utakuta vidukari au vidung'ata vyeupe kama pamba chini ya majani. Sisimizi wanawalinda kwa ajili ya ule utamu wanaotoa. Anza na maji ya mpira kwa nguvu, wanadondoka wengi. Kisha sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita 1, ya kawaida isiyo na dawa ya madoa, jaribu majani machache kwanza uone kesho, puliza jioni na upulizie chini ya jani ndo walipo. Tumia maji ya mvua au ya bomba, maji ya chumvi yanagandisha sabuni haifanyi kazi. Mwarobaini nao mzuri, kilo 1 ya majani mabichi yaliyotwangwa kwa lita 5, ulale usiku, chuja na kitambaa, puliza jioni maana jua linauvunja nguvu, rudia kila wiki na baada ya kila mvua. Hauui papo hapo, unawafanya wasile na wasizaane, kwahiyo mpe muda.

Konokono wakubwa masika waokote usiku na tochi, vaa glavu au mfuko mkononi maana wanabeba vimelea vinavyoweza kumdhuru mtu, wazamishe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Chimbua chini ya matandazo na vyungu utafute mayai, ni vipunje vyeupe vya njano hivi vimekaa kwenye fungu, mmoja anataga mia na zaidi. Chumvi tafadhali msimwage bustanini, anakufa konokono na udongo unakufa naye.

Mbolea ya kuku mbichi inaunguza. Ikiwa bado inanuka kali na ukiingiza mkono kuna joto, iache, ilundike kivulini uimwagilie kidogo na kuigeuza miezi miwili mitatu. Ile ya banda la broila yenye maranda mengi ichelewe zaidi, maranda yakiwa hayajaoza yanakula nitrojeni ya udongo na mboga zinakuwa njano.

Ukifika kweli kwenye dawa, nenda na jani lenye tatizo dukani au picha ya karibu, nunua chupa iliyofungwa yenye lebo na namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiipokee kabisa, mtoto mmoja mwenye kiu anatosha kuleta msiba. Ya mende na kunguni haiendi kwenye mchicha, hata kidogo.

Mwisho ni vile visahani vya chini ya vyungu. Mbu wa denge anataga kwenye maji masafi yaliyotulia kama hayo, na Dar tumeshapata milipuko mwaka 2014 na 2019, kwahiyo mwaga maji ya visahani, makopo na matairi kila baada ya siku tatu nne na usugue kingo maana mayai yananata pale, au jaza visahani mchanga ubaki na unyevu bila maji kuonekana.